Makumbusho ya Sebuleni, Mkuyuni

Jumatatu, 2 Juni

Nimempata mfalme! Wa shaba, mzito kama mtoto wa miaka miwili. Mzee mnene, amekaa amekunja miguu, tumbo nje, anacheka. Wa Kichina, wa kale mno. Nimemtoa mjini kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa inahama na kuuza vitu vyake uani. Alikuwa kwenye sanduku, kafunikwa majani makavu.

Masele naye alikuwepo. Huyu ni dereva mstaafu wa Buhongwa, anakusanya vitu vya kale kama mimi, na ana mtungi wa Kichina wenye joka ambao huutaja hata msibani. Alikuwa ameshamshika mfalme sikio. Nikamwambia mkewe anampigia simu tangu asubuhi. Alipotoka nje kutafuta mtandao, nikalipa. Vita ni vita.

Sasa makumbusho yametimia. Upande wa Asia: mfalme, chetezo cha shaba, sahani mbili zilizoungwa kwa gundi. Upande wa Usukumani: vibuyu, kigoda, ngozi ya mbuzi, mkia wa ng'ombe wenye mpini wa shanga. Kochi limehamia uani.

Selina hakufurahi. Jumamosi jumuiya inasali kwetu, na siku hiyohiyo wataamua kama watupeleke kwa Paroko tubariki ndoa. Tumeishi miaka tisa bila pete. Gauni ameshashona, linaning'inia chumbani ndani ya nailoni, na kila jioni analifuta vumbi. Anataka sebule iwe tupu. Nikamwambia jumuiya itafurahi kuona urithi. Akasema muuza vyombo wa Mkuyuni auze vyombo. Akanikumbusha kwamba hata siku tuliyokutana nilimdanganya: alikuja dukani kununua bakuli, nikamwapia halivunjiki hata likirushwa kutoka juu ya jiwe la Bismarck kule ziwani.

Sikumbuki. Nauza mabakuli mengi.

Jumanne, 3 Juni

Mgeni wa kwanza! Nilikuwa nimepigilia kibao mlangoni: MAMBO YA ASILI. VUA VIATU. KARIBU. Viatu ni kwa sababu ya mkeka mpya. Pia niliwasha ubani kwenye chetezo, maana mkia unanuka.

Mgeni ni Okomo, mvuvi mwenye asili ya Mara, anaishi Igombe. Kaingia kwa magoti. Kanipa shikamoo na mvi zake zote zile! Nikaitika marahaba, ningefanyaje. Nikaondoa polepole kitambaa chekundu ninachomfunikia mfalme asipate vumbi. Okomo akaacha kupumua. Huyu ndiye mpenda sanaa.

Akaanza kunisimulia kwamba mashine ya mtumbwi wake imeibwa. Sikuona inahusiana vipi, lakini mtu wa makumbusho husikiliza. Kisha akanong'ona kuuliza mzee anasemaje. Nikamweleza historia yote: katoka upande jua linakochomoza, ng'ambo ya maji, akafichwa chini ya majani makavu na watu wasiojua thamani yake. Okomo akatikisa kichwa kwa uzito. Akaacha jogoo mweusi, akatoka kinyumenyume.

Kiingilio cha jogoo! Wavuvi wana taratibu zao. Tumemla na ugali. Selina hakumgusa.

Alhamisi, 5 Juni

Foleni! Imefika hadi kwa fundi cherehani! Nani alisema Watanzania hawapendi makumbusho?

Okomo kaipata mashine yake. Ilikuwa kisiwani, upande wa mashariki, imefunikwa majani makavu. Kaja kunishika miguu. Nimefurahi kwa ajili yake, ila sijaelewa kwa nini ananishukuru mimi na si polisi.

Wageni wa leo wamenichanganya kidogo. Mama mmoja kaleta shati la mumewe. Nikalikataa kwa heshima, shati la mitumba si kitu cha kale. Akalia. Nikalipokea, nikaliandikia kikaratasi: SHATI, ULAYA, KARNE YA ISHIRINI. Akaniuliza mume atarudi lini. Nikamwambia sijui, akipata nafasi naye aje tu, tunafungua saa mbili. Akaondoka akiniombea baraka. Kisha bwana mmoja anayegombea uongozi wa soko akaomba nimpige mabegani kwa mkia. Nikampiga. Kila mtu ana namna yake ya kutazama sanaa.

Masele naye kaja. Kaona foleni, uso ukamshuka. Halafu akajipanga nyuma kabisa! Zamu yake ilipofika akaniuliza kwa sauti ndogo natumia nini kuvuta watu. Nikamwambia ni nyota tu. Akakubali haraka mno, hata utamu wa kumringia ukaisha.

Sebule bado haijahamishwa. Selina kanitazama, akaenda kufuta gauni.

Ijumaa, 6 Juni

Mtendaji wa mtaa kaja kuuliza kibali. Nikamwambia kiko njiani. Akauliza natibu au napiga ramli tu. Swali gani hilo? Nikamjibu mimi naonyesha, watu wanajionea wenyewe. Akakataa hata maji ya kunywa, akaondoka akiitazama miguu yake kama inaweza kubaki.

Selina alisikia akiwa jikoni. Kaja macho mekundu, kanieleza wazi: watu wanajua wewe ni mganga, Venant. Mtaa mzima. Nikacheka. Mganga mwenye sahani za Kichina? Yeye hakucheka. Akanishika mkono akasema hataki kitu kingine maishani, ni siku moja tu aingie kanisani amevaa lile gauni na mimi niko pembeni. Moyo uliniuma, naandika ukweli. Nikamwahidi kesho hakuna atakayeona hata kibuyu kimoja.

Nimepata mbinu. Vibuyu nimevifunika kwa shuka jeupe. Na meza tutakayoweka msalaba ina mguu mbovu. Mfalme anaenea pale chini barabara! Juu kitambaa kirefu mpaka sakafuni. Nani atajua? Leo nitalala usingizi wa mwenye haki.

Jumamosi, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Jumuiya ilikuja, ikavua viatu, ikaanza rozari. Mama Paskazia, mwenyekiti, alikuwa anaongoza kwa sauti yake ya tarumbeta. Selina alikuwa anang'aa. Tukafika fungu la tatu salama.

Fungu la nne, Okomo akaingia. Na mbuzi! Mbuzi wa shukrani. Akapiga magoti. Watu wakampisha, wakidhani ni Mkristo mwenye bidii. Akatambaa hadi kwenye meza, akafunua kitambaa, akaingiza kichwa, akaanza kuongea na tumbo la mfalme. Alimwambia asante kwa mashine, sasa amtafutie na nyavu.

Mama Paskazia akainama kuchungulia. Mfalme akamchekea.

Rozari ikakatika. Nikaona hapa panahitaji maelezo ya kitaalamu. Nikavuta shuka ili waone mkusanyiko wote kwa pamoja waelewe. Nikachukua na mkia, wa kuonyeshea. Nilipounyoosha kuelekea upande wa Asia, Mama Paskazia akapiga ukelele, jumuiya nzima ikatoka mbio peku. Viatu vimebaki mlangoni. Mbuzi amekula maua ya msalabani.

Jioni jumuiya ikatuma mjumbe: ndoa isimame, nyumba hii kwanza ikaombewe. Selina akalikunja gauni, akalitia kwenye begi, akaenda kwa mama yake Usagara. Hakugombana nami hata kidogo. Bora angegombana.

Jumapili, 8 Juni

Paroko kaja na maji ya baraka. Kanyunyizia kila kona, na mimi mara mbili. Kaniambia vitu vyote vitoke. Nimempa Masele avitunze. Kavipokea kwa mikono miwili, mnafiki.

Mchana Masele kanipigia akicheka. Eti mfalme ana upenyo mgongoni wa kutumbukizia sarafu. Eti ni kibubu. Wivu! Ule ni mlango wa roho, kila mtaalamu anajua. Nasikia foleni imehamia Buhongwa.

Nyumba tupu. Nimekaa sebuleni peke yangu, sina wa kuniambia niondoe kitu. Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: MKE KWANZA, VITU BAADAYE. Jumatano naenda Usagara kumrudisha Selina. Sitazungumzia kitu kingine chochote.

Jumatano, 11 Juni

Nimerudi kutoka Usagara. Siku ya ajabu.

Nilifika na sukari na kitenge. Mama mkwe, Mama Dorotea, akakaa mbali kwenye mkeka, nami kwenye kigoda. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, kwa hiyo niliinamisha kichwa, macho chini. Nikawasikia majirani wakinong'ona kwamba mkwe huyu ana adabu, ameumia kweli. Mama Dorotea akaguna kwa huruma. Akasema mtu anayeinama hivi hawezi kuwa mganga, Selina na arudi kwake, ila kwanza mumewe aseme neno moja kutoka moyoni.

Nilikuwa natazama chini. Pale chini kuku walikuwa wanakunywa maji kwenye bakuli. Na ndani ya bakuli, jamani, samaki wa buluu! Mkia umepinda, magamba yote! Kazi ya Kichina, miaka mia tano haipungui! Wachina walifika Usagara, na hakuna aliyeandika!

Selina kasimama mlangoni, begi liko mkononi, gauni ndani. Wanasubiri neno langu.

Nikauliza bakuli hilo ni la tangu lini.

Selina ndiye aliyejibu, polepole. Akasema lina miaka tisa. Akasema alimnunulia mama yake, na limedondoka mara nyingi, halijavunjika, kama alivyoapiwa na aliyemuuzia. Akaniuliza kama simkumbuki huyo muuzaji.

Nikafikiri kwa bidii. Nikamwambia simjui, lakini alijipunja mwenyewe, maana kwa kazi ya mikono namna ile mimi nisingekubali kuuza.

Selina akaweka begi chini. Akalichukua bakuli, akamwaga maji, akanipa mkononi. Akaniambia nenda nalo. Bure! Nikashukuru sana. Machozi yalikuwa yanamtoka, nadhani kwa kuwaonea huruma kuku.

Niko nyumbani. Nimelisugua, nimeliweka katikati ya sebule, mahali pa mfalme. Kesho namwita Masele aje aumie. Chini lina alama ndogo ya kalamu nyekundu, inafanana kabisa na ile ninayowekea bei vyombo vyangu dukani. Muhuri wa mfalme, bila shaka.

Selina hajafika. Labda alikosa gari.