Kasri la Uholanzi Nililolitembelea kwa Kipeperushi

Leo nimeaibika, jamani. Tena mchana kweupe, ofisini, mbele ya bibi wa watu niliyemwamkia shikamoo kwa heshima zote. Nawaandikia nikiwa nimejifungia stoo na maboksi ya karatasi.

Mnajua nilitoka Al Quoz, kwenye ghala la kupakia vigae, nikapata kazi kwenye ofisi ya safari hapa Oud Metha, Dubai. Miezi sita ya majaribio, na leo ndiyo siku ya mwisho. Sir, mwenye ofisi, alishaniambia wiki iliyopita: ukiuza safari moja ya Ulaya kabla siku hiyo haijaisha, nakusainia mkataba. Usipouza, khalas, nafuta viza. Kwa hiyo asubuhi nimekuja na pasipoti kwenye bahasha, shati nimelipiga pasi mara mbili, na tumboni sina hata chai.

Saa tano wakaingia wateja wawili kutoka mtaa wa Mirdif. Bi Zuwena, bibi wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu kabla sijazaliwa, na binti yake Salma. Salma anataka familia nzima, watu tisa, waende Uholanzi wiki moja. Walale Amsterdam, kila asubuhi watoke kwenda kuona kasri la kale au jumba la matajiri wa zamani huko mashambani, jioni warudi. Lakini tangu magoti yaanze kumsumbua mama yake, kila safari mama anabaki nyumbani. Safari hii Salma ameapa: mama asipokwenda, haendi mtu.

Nikawafungulia kipeperushi. Kasri lina minara, maji yamelizunguka pande zote, na daraja la kuinuliwa kwa minyororo. Nimekariri kila neno! Bi Zuwena wala hakuangalia picha. Aliniangalia mimi.

"Mwanangu, wewe ushakwenda huko?"

Hapo ndipo pa kusema hapana. Lakini Shiku, Mkenya wa meza ya pili aliyenifundisha kazi, aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Buda, client hanunui karatasi. Ananunua venye wewe uliona. Sema tu ulienda." Yeye husema hivyo kwa nchi zote tunazouza, na hajawahi kuulizwa.

"Nimekwenda, bibi," nikasema. "Mwaka juzi." (Mwaka juzi nilikuwa nabeba vigae.)

"Basi n'ambie. Ngazi zake zikoje? Nnaumwa na magoti mie."

Kipeperushi hakina habari ya ngazi. Jasho likaanza kunitoka chini ya shati lile lile la pasi mbili.

"Kuna lifti, bibi."

"Lifti? Ndani ya kasri la kale?"

"Wameweka."

"Na choo? Kina maji ya kuchambia, au makaratasi matupu?"

"Maji yapo, bibi. Mpira kabisa, ukutani."

Salma akatabasamu. "Umeona, mama?" Nami nikanogewa. Nikamweleza jiko la zamani na sufuria zake za shaba. Nikamweleza mlinzi mmoja mzee, mrefu, ambaye tulizoeana sana hata akanipa chai. (Mlinzi! Nimeanza kuzaa watu.) Bi Zuwena alikuwa anasikiliza huku akijisugua goti taratibu juu ya abaya, na uso wake unakunjuka. Alikuwa ananiamini. Moyo ukaniuma kweli. Nilimwona kabisa amesimama chini ya mnara, wajukuu wako juu wanampungia mkono, na lifti haipo. Kisha nikaukumbuka uzito wa vigae, nikaendelea kusifia.

"Haya, n'takwenda," akasema. Nikataka kuruka! "Ila kijana huyu afuatane nasi. Njia anazijua, na lugha yetu anaijua."

Sir akatoka kwenye chumba chake cha vioo. Kiswahili hajui, Salma akamtafsiria kwa Kiarabu. Familia ya watu tisa, na mwongozaji wanaye tayari. Sir akapiga makofi.

"Umefika Uholanzi na hukuniambia? Mashallah! Yalla, lete pasipoti. Aliyewahi kupata viza yao hasumbuliwi kupata nyingine."

Bahasha ilikuwa mezani, mbele yangu. Nikaiwekea mkono. Sir akauwekea mkono wangu mkono wake. Tukatazamana. Akavuta.

Akafungua. Muhuri wa kuondoka Dar. Muhuri wa kuingia Dubai. Baada ya hapo, weupe. Akafunua ukurasa, weupe. Akafunua mwingine, weupe. Akarudi mwanzo, akatia mate kidoleni, akajaribu tena, labda kurasa zimegandana. Shiku akanyanyua simu ambayo haikuita, akaanza kusema "hello, hello" kwa bidii.

Bi Zuwena akanyoosha mkono, akapewa pasipoti. Akavaa miwani. Akaipitia yote, hadi jalada la nyuma.

"Mwanangu," akasema kwa upole ulioniua, "Uholanzi uliingilia mlango gani?"

"Sijawahi kufika, bibi."

"Na yule mlinzi aliyekupa chai?"

"Hayupo, bibi."

"Na lifti?"

"Sijui, bibi. Nisamehe."

Akavua miwani. "Mlinzi nimekusamehe. Lifti, je? Magoti ni yangu."

Ningetukanwa ningeona nafuu. Sir hakuhitaji tafsiri. Akafungua mdomo, nikaliona lile neno la khalas linakuja, na viza yangu ndani yake. Bi Zuwena akainua kidole.

"Salma, mwambie mwenye ofisi asubiri. Na wewe, piga simu huko kasrini. Sasa hivi. Weka sauti kubwa sote tusikie."

Nikapiga. Akapokea mama mmoja wa Kiholanzi, Kiingereza chake safi. Lifti? Hakuna. Mnarani ni ngazi za kuzunguka, nyembamba, kwenda juu na kurudi. Chini wana kiti cha magurudumu kimoja cha kuazima.

"Muulize choo," akasema Bi Zuwena.

Nikauliza kama chooni kuna mpira wa maji. Mama wa watu akashtuka: kwani kuna moto? Hapana, mama, hakuna moto. Sasa mpira wa nini? Jamani! Nilisimama katikati ya ofisi, Sir upande huu, Salma upande ule amejifunika mdomo kwa mtandio, nikamweleza mgeni wa Kizungu, kwa sauti kubwa na hatua kwa hatua, kinachofanyika baada ya haja. Akasema mpira hakuna, lakini wageni wanaruhusiwa kuingia na chupa.

Bi Zuwena akaitikia kwa kichwa. "Ndilo nililokuwa nnataka kulijua. Basi kasri waende watoto. Mie nipangie majumba yenye bustani tambarare. Na kila moja ulipigie simu hivi hivi."

Nimepiga simu sita. Zote kwa sauti kubwa. Zote choo. Ya sita nilikuwa sijikwai tena.

Salma akasaini. Sir akanirudishia pasipoti bila kuniangalia. Mkataba hakusaini: ameniongezea miezi mitatu ya majaribio, na safarini ataongozana nao mtu mwingine. Nikawasindikiza hadi mlangoni, kichwa chini. Bi Zuwena akanishika bega.

"Nikirudi pitia Mirdif, nikuhadithie vizuri," akasema. "Upate na wewe la kuwadanganyia wenzio."

Nawaombeni msicheke. Shiku peke yake ananitosha.