Nukta Zilizozaa Harusini

Jumatatu, 3 Juni
Harusi ya Jumamosi imeniangukia mabegani mimi peke yangu. Bi harusi ni mpwa wangu, binti wa dada. Nyuma ya maharusi kuna skrini kubwa ya ukumbi. Shemeji Kamera, mume wa mdogo wangu, alitaka kuweka picha ya mawaridi. Mawaridi! Yameganda kama picha ya marehemu. Nikasimama kikaoni, nikatangaza picha inayotembea, inayojichora yenyewe kwa hesabu, kama niliyowatengenezea wanajeshi zamani. (Wanajeshi gani, hawakuuliza.) Dada kasema haya, ila Ijumaa anaikagua. Isipompendeza, mawaridi.

Jumanne, 4 Juni
Fundi kompyuta wa mtaani kaniandikia programu. Kanuni zenyewe mbili tu! Skrini imegawanywa vijumba. Nukta yenye majirani wawili au watatu inaishi. Vinginevyo inakufa, kwa upweke au kwa kubanwa. Kijumba kitupu kikizungukwa na nukta tatu, mpya inazaliwa humo. Basi. Nikawasha. Zikatambaa, zikaungana, zikatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Nani anaziamrisha? Fundi kasema hakuna. Haiwezekani. Nimechungulia hata nyuma ya kompyuta.

Jumatano, 5 Juni
Chai imenipoa mkononi. Tangu lini mtoto akazaliwa na watu watatu? Nimemuuliza fundi. Kasema mzee wangu, hizo ni nukta, hazina ndoa. Nikamwambia wakwe watatuelewaje? Kacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. Kisha kanionyesha palipoandikwa tatu, akaniapisha nisipaguse. Sasa alinionyesha kwa nini?

Ijumaa, 7 Juni
Dada kakagua. Nukta za dhahabu, taratibu, kama zinaambiana siri. Kafuta machozi! Mpwa wangu kanishika mkono: mjomba, hapo hapo, usiongeze kitu, ukoo mzima wa mume wangu utakuwepo, usiniaibishe. Shemeji Kamera kanong'ona kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Nimemweza.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi nikafuta tatu, nikaweka mbili. Baba na mama. Heshima ya ndoa! Sikujaribu, bingwa hajaribu.

Nikawasha pete inapovishwa. Lahaula! Nukta mbili zikazaa, watoto wakazaa, wajukuu wakazaa kabla babu zao hawajatulia. Skrini ikatokota kama uji. Mama mkwe akafumba macho, eti kichwa kinamzunguka. Nikabonyeza kila kitufe. Zikazidi! Nikapaza sauti kwamba hiyo ni dua ya uzazi. Mpwa wangu, wanja unamtiririka, akasema kwenye kipaza sauti, watu wote wanasikia: mjomba, zima!

Jumapili, 9 Juni
Dada hapokei simu. Fundi kaniona kwa mbali akafunga duka. Sielewi. Wazazi watatu, watoto wachache. Wazazi wawili, mafuriko. Hesabu gani hiyo?

Lakini dawa nimeipata. Hata wazazi wawili ni wengi, wakipungua zaidi, watoto nao watapungua. Daktari wa meno ana skrini kwenye chumba cha kusubiria. Nimeshamwahidi. Nitaweka mmoja.

Mtaani nimewaambia kwamba ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Ulipiga, wallahi. Niliinama mara mbili. Ila kwa kuwa hapa nipo peke yangu: walikuwa wanampigia Shemeji Kamera. Ndiye aliyechomoa waya.