Mawigi Kumi na Sita na Ukumbi Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Fomu za bajeti zimetoka. Mimi, mwenyekiti wa Kikundi cha Maigizo, nimeziwahi. Mchezo alioutunga binamu yangu, naye mwanafunzi hapa, una waigizaji wawili. Unahitaji mawigi mawili na ukumbi. Basi. Lakini hawanipati mimi! Kamati ya Bajeti ya chuo hukata nusu ya kila ombi bila hata kulisoma. Serikali ya wanafunzi nayo hukata nusu. Bohari nayo nusu. Nimeomba mawigi kumi na sita. Ukumbi nimeufuta kabisa, tuonekane watu wa kiasi. Unyenyekevu wetu ukishawagusa, wataongeza ukumbi wenyewe.

Binamu ameuliza kama nina hakika. Huo mchezo ndio mtihani wake wa mwisho. Usipochezwa tarehe ishirini, anarudia mwaka. Nimemwambia alale usingizi.

Jumatano, 5 Machi
Fununu: safari hii Kamati itakata zaidi ya nusu. Thubutu! Nimeitisha maandamano. Tumejaa mbele ya ofisi ya Mkuu wa Chuo, mabango juu, sauti zimekauka. Kaulimbiu nimetunga mimi: BAJETI ISIGUSWE! Mwenyekiti wa Klabu ya Mdahalo, tunayemwita Hoja kwa sababu hata akiomba chumvi huanza na "hoja yangu ni hii", ameuliza kama ni busara kusema isiguswe kabisa. Wivu tu. Nimemzomea kwa kipaza sauti.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Mkuu wa Chuo amesalimu amri. Ametia sahihi bajeti zote kama zilivyoandikwa. Hakuna kinachopunguzwa, hakuna kinachoongezwa. Nimebebwa juu juu hadi bwenini. Niliposhushwa ndipo ile sehemu ya pili ikaniingia.

Jumatatu, 10 Machi
Mawigi kumi na sita yamefika. Mwenye duka ameyaleta mwenyewe, meno yote nje, akauliza kama mwakani tutaagiza tena. Ukumbi wa tarehe ishirini wamepewa Mdahalo. Wao waliuomba. Nimekwenda kumsihi katibu wa Kamati aongeze neno moja tu kwenye fomu yetu. Akanionyesha bango langu kupitia dirishani, bado linaning'inia getini. Akasema yeye haigusi.

Binamu hajanisemesha tangu mchana. Angefoka ningejua pa kuanzia. Naumia, kusema kweli.

Jumatano, 12 Machi
Mkakati mpya! Nimekusanya wenzangu kumi na watano. Kila mtu na wigi lake. Tujiandikishe Mdahalo kama wanachama wapya, kisha tupige kura ya kuachia ukumbi. Tumeingia saa nne, tumejipanga foleni, macho chini. Hoja ametukaribisha mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake halisi. Kwangu ameongeza kwamba nimelivaa nyuma mbele.

Alhamisi, 13 Machi
Siamini. Binamu amekwenda kwa Hoja mwenyewe, akamwomba. Hoja akamwambia mdahalo wao ni wa asubuhi, jioni ukumbi uko wazi, wautumie tu, hata taa wataachiwa. Dakika tatu! Hakuna fomu, hakuna bango, hakuna mkakati! Nimejisikia kama mtu aliyeibiwa. Nimewaambia wote wawili kwamba bila maandamano yangu Hoja asingelainika. Wameendelea kupanga nani azime taa.

Alhamisi, 20 Machi
Mchezo umechezwa. Ukumbi umejaa. Mama wa kwenye mchezo alipomtambua mwanawe, watu walilia, nami nikalia huko safu ya mwisho, kamasi na yote. Binamu amefaulu. Mlangoni amenikumbatia, akanishukuru kwa kutofanya lolote leo. Sijawahi kupewa shukrani iliyonifurahisha namna hiyo.

Jumanne, 2 Septemba
Mambo yamenyooka! Hoja sasa ndiye rais wa wanafunzi, na amenipa kiti kwenye Kamati ya Bajeti. Amesema anayezijua hila zote ndiye wa kuzikamata. Kumbe ana akili kijana yule! Nimekaa, nimenyoosha kola, nimevuta fomu ya kwanza. Kikundi cha Maigizo, mwenyekiti mpya. Nasikia Binamu, kabla hajaondoka chuoni, aliwashauri waombe wanachohitaji tu. Wameomba ukumbi mmoja.

Nani asiyejua kwamba waombaji huongeza? Nimewakatia nusu. Nimewaachia ile yenye jukwaa, maana roho mbaya sina.