Toleo Lenye Rangi

Daktari wa meno aliingia kwenye kibanda cha kanda za video mchana wa jua kali, amevaa viatu vya ngozi, na usoni ana ile njaa ya mtu anayetafuta kitu asichokuwa na hakika kama kipo. Balozi, mwenye kibanda, aliinua macho kutoka kwenye gazeti. Njaa aliiona kabla ya viatu. Kuna watu huzaliwa na sauti ya kuimba. Yeye alizaliwa na pua ya namna hiyo.

Walimwita Balozi kwa sababu hakuachana na shati jeupe, alitabasamu kama mtu aliyetumwa na serikali, na alikuwa bingwa wa kula kwa watu bila kulipa. Kibanda alirithi kwa mjomba wake, pamoja na rafu za kanda ambazo hakuna aliyekuja kuzikodi tena. Watu walikuwa na simu. Kanda zilikuwa na vumbi.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu."

"Marahaba. Naulizia filamu moja ya zamani. *Mlango wa Samaki*."

"Toleo lipi?" akauliza Balozi.

Jina la filamu hiyo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Lakini swali la "toleo lipi" lina baraka zake: anayeuliza huonekana mtaalamu, na anayeulizwa huanza kujieleza mwenyewe.

"Ahaa! Kumbe unaijua!" Daktari akavuta stuli akaketi bila kukaribishwa. "Basi nitakwambia wewe, maana nyumbani kwangu wamenichoka."

Akamwaga yote. Filamu ilitengenezwa na wasanii wa kale waliotaka kupiga picha ndoto. Mtu amebeba mlango mgongoni, anapanda ngazi. Anapanda, anapanda, mwisho anauweka mlango chini, anaufungua, wanamwagika samaki. Kwa nini? Hakuna ajuaye, na huo ndio ukuu wake. Sasa basi, kulikuwa na toleo la kanda, jeusi kana kwamba walipiga picha ndani ya sufuria. Likaja la diski, limesafishwa mpaka samaki wakang'aa kama vijiko, ila ngazi wamezipunguza. Likaja lingine la diski, ngazi zimerudi, muziki umebadilishwa. Yeye na wenzake wana chama cha wapenzi wa filamu, na kazi yao ni kulinganisha matoleo hayo na kuyaandikia kwenye jarida.

"Lakini inasemekana," daktari akashusha sauti, "kuna toleo la kwanza kabisa la kanda. Lina kipande ambacho hakimo kwenye mengine yote."

"Kipande gani, mzee wangu?"

"Hakuna aliyekiona."

"Sasa aliyesema kipo ni nani?"

Daktari akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mhadhiri wetu ameshakiandikia makala."

Balozi akakohoa kidogo ili kuficha furaha. Kisha akainuka, akachungulia nje kulia na kushoto, akarudisha pazia la mlangoni. "Mzee wangu," akasema polepole, "hili jambo tuliongee taratibu."

Sasa tumsikilize anavyofikiri, maana alikuwa fundi. Watu hawa wana filamu isiyoeleweka. Kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kusema haelewi. Kwa hiyo ukiwapelekea toleo lolote, alimradi liwe chakavu, watalielewa kwa nguvu zao wenyewe. Kipande cha ziada hakikumsumbua hata kidogo. Angewaambia tu kwamba kipo, nao wangekiona.

Aliazima diski kwa daktari, "kwa ajili ya kulinganisha". Kilichobaki ni kuirekodi juu ya kanda ya zamani, maana kanda mpya ingemchoma. Zile za kibandani zilikuwa zimeota ukungu. Nyumbani, juu ya kabati la nguo, kulikuwa na moja nzima: kanda ya harusi yake.

Tusimhukumu haraka. Alisimama nayo mkononi, akafikiri. Harusi imeshapita, alijiambia, na mke ninaye. Akabandua karatasi iliyoandikwa majina ya maharusi na mishale ya mapenzi, akaziba kwa selotepu lile tundu linalozuia kanda isirekodiwe tena, akaunganisha mashine mbili na kuanza kazi. Katikati umeme ukakatika. Uliporudi, aliisogeza kanda mbele kidogo kwa kubahatisha, akaendelea pale diski ilipoishia. Hakurudi kutazama alichofanya. Kurudi kutazama ni tabia ya watu waaminifu.

Chama kilikutana sebuleni kwa daktari. Wanachama walikuwa watatu: daktari mwenyewe, wakili aliyekuwa anameza mate kabla ya kila sentensi, na mhadhiri mama mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Walikuwa wameweka televisheni mbili sambamba. Ya kushoto ilionyesha diski iliyosafishwa, ya kulia ingeonyesha kanda ya Balozi, na wao wangekaa katikati wakigeuza vichwa.

Kanda ikaanza. Giza, chenga, mtu na mlango wake.

"Mnaona weusi ule?" akanong'ona daktari. "Huo ndio weusi wa asili."

"Diski imeua weusi," akakubali wakili.

Balozi aliegemea kochi, chai mkononi, akawaza bei. Ndipo upande wa kulia picha ikaruka, ikapiga mistari, na ghafla sebule nzima ikajaa rangi.

Alikuwa baba mkwe wake. Marehemu baba mkwe, ndani ya suti ya kahawia, anacheza huku kiti cha mbao kikiwa kichwani. Spika zikapiga kelele: "Mwenye gari linaloziba geti, tafadhali alitoe!" Na pale pembeni, mwembamba, na masharubu ambayo tangu hapo ameshayanyoa, akiwa ameduwaa kama aliyekamatwa ugoni, alikuwa Balozi mwenyewe, bwana harusi.

Chai ikamwagika. Balozi akatafuta mlango kwa macho. Alikuwa ameshaanza kusema, "Samahani, wazee wangu, kuna hitilafu kidogo," mhadhiri alipopiga kelele.

"Rangi!"

Wote wakasogea mbele ya viti vyao.

"Rangi katikati ya weusi," akasema mhadhiri. "Kule anabeba mlango, huku anabeba kiti. Mnaona? Mlango ni wa kupita, kiti ni cha kukaa. Mtu amefika!"

"Na anasema lugha yetu," akasema wakili, akameza mate. "Hilo gari... linaloziba geti..."

"Nani kati yetu," akauliza mhadhiri kwa uchungu, "nani kati yetu hana gari linaloziba geti?"

Daktari alikuwa analia. Balozi, ambaye hakuwahi kupishana na bahati bila kuishika mkono, akaweka kikombe chini. "Toleo hili lilitengenezwa kwa ajili ya soko la huku," akasema kwa huzuni. "Wakaliogopa. Wakalikusanya. Hii ndiyo iliyobaki."

"Na yule kijana mwenye masharubu," akaongeza mhadhiri, akisogea karibu na kioo, "ni mwigizaji wa ajabu. Tazama hofu ile. Hofu ya namna ile haifundishwi."

Balozi alitoka na bahasha nene kuliko alivyoota. Wao waliamua hapo hapo kwamba hakuna nakala itakayotolewa, maana nakala ingeondoa upekee, na wote watatu wakatia sahihi makala ya kulisifu toleo hilo, iwahi jarida kabla halijafungwa.

Siku chache zikapita, siku nzuri. Kisha mke wake, ambaye alikuwa mshonaji na mtu wa maneno machache, akatandika kitanda cha wageni.

"Mama anakuja kesho," akasema. "Anataka kumwona baba. Ile kanda uliitoa juu ya kabati?"

Balozi alikuwa na maneno ya kumtosha kila mtu mjini isipokuwa mwanamke huyu. "Ipo kibandani. Naisafisha."

"Unaisafisha na nini?"

"Kuna dawa maalumu."

"Mume wangu." Akaacha kutandika. "Baba hakuwahi kupigwa picha nyingine ya kutembea. Akiwa hai anacheza, ni pale tu. Mama atapanda gari alfajiri kwa ajili ya dakika zile. Kanda iko wapi?"

Balozi akakaa kitandani. Alikuwa ameisahau hiyo sehemu, au alijisahaulisha. Yule mzee wa suti ya kahawia ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyempenda bila kumpekua. Siku ya posa, wajomba wote walipokuwa wanamuuliza kazi yake ni nini hasa, mzee alisema, "Mwacheni, kijana anachekesha." Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio, na ilimshangaza kwa sababu hakuizoea. Akasema yote: selotepu, umeme, televisheni mbili, bahasha.

Mke wake hakupiga kelele. "Lete bahasha," akasema.

"Yote?"

"Unataka wakuuzie kwa bei ya kirafiki? Wewe ukienda watakuwekea ulinzi. Nitakwenda mimi. Lete."

Aliitoa chini ya zulia. Akaitazama kama mtu anayesindikiza jeneza.

Mke alikwenda akiwa amevaa gauni la kawaida, na mkononi ana picha moja ya harusi, ile iliyokuwa ukutani. Sebuleni kwa daktari wote watatu walikuwepo, wanatazama kile kipande kwa mara ya nani ajuaye ngapi. Aliwaamkia, akaketi, akaiweka picha mezani. Ndani yake kulikuwa na suti ya kahawia, kiti cha mbao, na bwana harusi mwenye masharubu.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Huyu ni mimi. Mwigizaji wenu ni mume wangu, na alishanyoa."

Mhadhiri akashusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine. Akatazama picha, akatazama kioo, akatazama picha.

"Makala imeshatoka?" akauliza wakili, bila kumeza chochote.

"Imetoka," akasema daktari. "Ina sahihi zetu."

"Sikuja kwa ajili ya makala," akasema mke. "Wala kwa ajili ya kelele. Mama yangu anakuja kesho. Nataka baba yangu."

Wakampa. Wakamfungia kanda ndani ya taulo safi. Alipoingiza mkono kwenye mkoba ili atoe bahasha, wakili akamshika kiganja kwa upole mkubwa. "Mama, fedha kaa nazo. Tunachoomba ni kwamba hili jambo lisitoke humu." Wakamwitia hata teksi, na kuilipia. Naye hakubisha, maana alilelewa kuheshimu wakubwa.

"Wamekubali?" akauliza Balozi mlangoni.

"Wamekubali," akasema mke, akampa kanda. "Lakini watu wale si wepesi."

"Wamechukua yote?"

"Kwani wewe ungeacha kitu?"

Balozi alilala akiwa maskini, lakini mwepesi kidogo moyoni, na alidhani huo ndio mwisho wa adhabu.

Kesho yake daktari wa meno alipita kibandani. Hakuingia. Alisimama kizingitini kama mtu anayepita kwenye mtaa wa aibu. "Bwana," akasema, "tunamshukuru sana mkeo. Mama wa heshima. Mngetaka kutukomoa mngeweza. Na zile fedha, tafadhali, msizirudishe kamwe. Zitatutafutia maswali."

"Zipi?" akauliza Balozi.

"Zile tulizomwachia."

Balozi alifunga kibanda na jua likiwa bado utosini. Njiani alitunga hotuba yenye uchungu kuhusu ndoa, uaminifu na siri kati ya mume na mke, na ilikuwa hotuba nzuri. Mtu aliyepishana naye aliisikia nusu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alipofika, chumba cha jirani, kile kilichokuwa tupu kwa muda mrefu, kilikuwa kimefunguliwa. Pazia jipya. Kitanda kipya. Mwenye nyumba alikuwa anatoka, anaweka noti mfukoni, akampa mkono. "Hongera. Mwaka mzima mbele! Wakwe wengine wangekuwa kama wewe."

Ndani, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha Balozi, miguu juu ya kigoda cha Balozi. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na alikuwa amelia. Kwenye televisheni, suti ya kahawia ilikuwa inazunguka na kiti kichwani.

"Mwanangu!" akasema. "Njoo nikubariki. Kunilipia chumba, mimi, ambaye nilikusema vibaya kwa miaka yote hii! Nitakuwa natazama kila jioni, na wewe ndiye utakuwa unanirudishia nyuma, maana mashine hii siijui."

Balozi akamtazama mke wake. Mke wake alikuwa anashona kifungo, kwa utulivu mkubwa. Ile hotuba ilikuwa tayari ulimini. Lakini kuuliza fedha zimekwendaje kulihitaji kwanza kueleza zilitokaje, mbele ya mama huyu.

"Karibu, mama," akasema. "Ni wajibu wetu."

"Kaa, kaa! Anakuja kukukalisha."

Kwenye kioo mzee alishusha kiti, akakipangusa vumbi, akamkalisha juu yake bwana harusi mwenye masharubu, na kumpiga-piga begani huku akicheka kwa kichwa kizima. Balozi alimkumbuka. Kama angekuwa peke yake angelia.

"Haya sasa," mama mkwe akajiweka sawa, akajipangusa macho ili aone vizuri. "Sasa naingia mimi. Nilikuwa na gauni la kijani na kilemba chake, nilikodi watu wawili kunifunga. Nikaingia kwa kucheza, ukumbi mzima ukasimama. Angalieni!"

Picha ikaruka, ikapiga mistari. Rangi ikafa. Mtu mmoja, mweusi kwenye giza, akaonekana anapanda ngazi polepole na mlango mgongoni.

Mama mkwe akangoja. Mtu akapanda. Akazidi kupanda.

"Huyu ni nani?" akauliza. "Mimi niko wapi?"

Balozi akafungua kinywa. Kilikuwa kinywa ambacho hakikuwahi kumwangusha, mbele ya polisi, mbele ya wadai, mbele ya wasomi watatu na televisheni mbili. Hakikutoa hata pumzi.

Mke akakata uzi kwa meno.

"Muulize mkweo, mama," akasema. "Yeye ndiye anayezijua filamu."