Tundu la Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya historia! Nimegundua aina mpya ya chura.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilichota viluwiluwi kumi na wawili kwenye mtaro wa nyuma ya makumbusho, wa kujazia chupa za maonyesho. Wote wameshaota miguu ya nyuma. Nikamlaza mmoja chini ya lenzi nimhesabu meno, maana kiluwiluwi hatambuliwi kwa sura, hutambuliwa kwa mdomo. Safu mbili juu, tatu chini. Kawaida kabisa. Kisha nikaliona tundu lake la kupumulia. Liko kulia! Miaka ishirini na sita nimetunza chupa za vyura hapa, na kila kiluwiluwi aliyemo kwenye jedwali langu la kutambulia vyura ana tundu kushoto.

Aina mpya hupewa jina. Litakuwa langu, nani mwingine? Nimemwandikia binti yangu ujumbe palepale, kwamba jina la ukoo wetu linaingia vitabuni. Yuko mbali, ana kazi nyingi. Mara ya mwisho kunipigia ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Hajajibu. Bado mapema.

Jumanne, 4 Machi

Amejibu! Ameandika hongera baba, atanipigia Jumapili asubuhi. Nimeusoma ujumbe mara tisa. Nimeifuta simu vumbi.

Hatari ni moja tu: Mama Mende. Ndiye mtunza wadudu, chumba chake kinatazamana na changu. Leo amepita mara mbili kuniuliza kama nimekula. Kula! Kisingizio cha kuchungulia beseni langu. Nimemjibu nimeshiba, japo tumbo lilinguruma wakati huohuo na nadhani alilisikia.

Nimechukua hatua. Viluwiluwi wote nimewahamishia kwenye ndoo, na juu ya ndoo nimeandika kwa herufi kubwa: MAJI YA DEKI. Nani ataiba maji ya deki? Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Dada wa usafi amepiga deki.

Ametumia ndoo yangu. Nimemfokea, akanionyesha maandishi, akaniuliza ni nani aliyeyaandika. Viluwiluwi walikuwa wakirukaruka ukumbini, kuanzia mlango wa mapokezi hadi kabati la nyoka. Nikapiga magoti. Mama Mende naye akatoka, akapiga magoti kando yangu na kijiko chake cha chai, akawa anawachota mmoja mmoja bila kuwaumiza. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tumehesabu: kumi na mmoja. Mmoja hayupo! Mama Mende akasema labda ameingia chini ya kabati. Nikaiangalia mifuko ya koti lake. Imevimba.

Nimewabeba waliobaki hadi nyumbani. Beseni nimeliweka mezani, upande wa kiti ambacho hakikaliwi. Sahani moja, kikombe kimoja, kuosha ni dakika mbili. Nimewasimulia viluwiluwi visa vyote vya Mama Mende. Ni wasikivu sana. Tangu mama yake binti afariki, sijapata watu wa kuzungumza nao mezani.

Ijumaa, 7 Machi

Heri nisingeamka.

Mama Mende amegonga mlango, mkononi ana chupa ya jemu. Ndani yake, kiluwiluwi wa kumi na mbili! Jana alirudi na tochi, akamtoa chini ya kabati. Mikono ya mbele imeanza kutokeza. Mkono mmoja umepenya palepale kwenye tundu la kupumulia, na mkono huo ni wa kushoto. Nimemzungusha, nimemgeuza, ni wa kushoto tu. Nikaropoka kwamba Jumatatu tundu lilikuwa kulia.

Mama Mende akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulipomtazama siku ile, ulimlaza chali?"

Chali, ndiyo. Meno utayahesabuje akiwa kifudifudi? Na aliyelala chali mbele yako, kushoto kwake ni kulia kwako. Jambo hili huwa nawafundisha wageni wa makumbusho kila mwaka.

Basi ni chura wa kawaida, yuleyule anayekaa chini ya bomba la bustani. Mama Mende ameniahidi hatamwambia mtu. Nimemwambia nilijua tangu mwanzo, nilikuwa nampima yeye. Akatikisa kichwa, akaondoka. Nikafunga mlango, nikalia kidogo. Si kwa ajili ya jina. Nililia kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa nimejipanga. Ningemwambia binti kwamba uchunguzi unaendelea, miezi sita hivi, na wakati huo atakuwa ananipigia kuulizia. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo.

Amepiga saa nne kamili. Dakika ya kwanza nikadanganya vizuri sana. Ya pili, mmoja wa wale wa mezani, ambaye ameshakuwa chura bila hata kuniaga, akapanda ukingo wa beseni na kutumbukia kwenye chai yangu. Nikapiga ukelele. Binti akauliza kuna nini, na mimi kwa mshtuko nikajibu ni chura wa kawaida tu. Baada ya hapo nikamwaga yote, hadi habari za deki.

Kisha akacheka mpaka akakohoa. Ana kicheko cha mama yake, nilikuwa nimekisahau.

"Baba," akasema, "mimi sikumpigia chura. Nipigie tu siku yoyote, hata kama huna habari."

Tumeongea dakika arobaini na moja. Chai sikuinywa.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Mende ameweka kiti cha pili chumbani kwake, karibu na dirisha, na amefungasha chakula cha watu wawili. Nimekataa kwa adabu. Anatafuta siri yangu mpya.

Maana ninayo! Nyuma ya gereji, ndani ya tairi kuukuu lililojaa maji ya mvua, nimekuta mayai ya chura. Uzi mrefu wa mayai, umezunguka duara kamili! Chura gani hutaga kwa duara? Nimepekua jedwali zima, hayumo. Tairi nimelifunika kwa gunia nisije nikaibiwa, na juu yake nimeandika TAKATAKA. Gari la taka halipiti mpaka Jumatano, kwa hiyo hakuna atakayesogea hapo.

Simu iko mezani. Alisema siku yoyote. Lakini mtu hampigii mwanawe mikono mitupu. Nitampigia wakishaanguliwa.