Kisimba Akikabili Kitenzi Mbele ya Mkwewe

Ketini, enyi wana wa reli na wana wa mashamba, wenye masikio na walioyaazima. Teremsheni sufuria, fukuzeni kuku, niwasimulie jinsi Kisimba wa Kamina, Mbeba Koleo, Mnyanyua Mataruma, alivyopigana na kitenzi cha Kifaransa katika shule ya jioni, mwaka wa hamsini na mbili, na dunia ikamshuhudia, yaani watu waliopata viti.

Kitenzi chenyewe hakikuwa cha mchezo. Vya Kiluba na Kiswahili hubadili kichwa, naenda, unaenda, tunaenda, mkia ukatulia na mtu akalala usingizi wake. Vya Kifaransa hubadili mkia, na hilo shujaa alikwisha kulizoea, kama alivyozoea majina yanayoongezewa herufi ya wingi ambayo Mfaransa mwenyewe haitamki. Lakini *aller*, yaani kwenda, hakikushikika kichwa wala mkia: mara *vais*, mara *allons*, mara *irai*, kama mwizi anayebadili kofia kila stesheni.

Akishinda mtihani huo wa mdomo, angepewa kazi ya kugeuza reli ili treni zishike njia zake, hapa hapa Kamina. Akishindwa, angerudi na genge lake kambi za mbali, na Delphine mkewe alikuwa na mimba kubwa.

Saa ikawadia. Shujaa, katika shati lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe, akaenda mbele, akawageukia watu. Safu ya kwanza, kando ya mwalimu, ameketi Mama Umba, mamake Delphine, aliyetoka Mulongo na kapu la samaki. Na kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hapazi sauti mbele yake. Kisimba akaukabili ukuta.

Mwalimu Émile, Bwana wa Chaki, mgeni asiyejua lolote, akanguruma: "Kisimba, examen iko ya kuangalia mwalimu. Minyi siwezi kupatia mugongo ya muntu points. Geuka."

"Mwalimu," Kisimba akauambia ukuta, "minyi nilibeba reli mu mvua, mu jua, sikukatala. Lakini kuangalia ule mama, hapana. Afazali nirudi ku koleo."

Akasema hivyo, na moyo ukamuuma kweli, maana akilini alimwona Delphine akijifungua peke yake.

Ndipo Mama Umba akainuka. Hakumsemesha mkwewe; hairuhusiwi. Akakigeuza kiti, akampa kisogo, akauhutubia mlango wa nyuma:

"Mulango, sikia. Minyi siko hapa. Minyi iko Mulongo, napanga samaki. Ambia ule muntu ageuke, aseme maneno yake yote, sababu mutoto wangu hawezi kuzala bwana iko mbali."

Mwalimu akautazama mlango. Mlango haukupinga.

Basi Kisimba akageuka, akavuta pumzi, akakishika kitenzi kooni. *Je vais, tu vas, il va!* Wakati uliopo ukaanguka, wakati uliopita ukaanguka. Wakati ujao ukamtoa jasho. Akatazama kile kisogo kisichokuwapo, akapata nguvu. "*J'irai*," akasema, na mwalimu akatangaza kwamba amefaulu.

Akitoka, shujaa akasimama kizingitini. "Mulango," akasema kwa upole, "ambia mama aksanti sana."

Vizazi na vikumbuke: siku ile mtu wa Kamina alisema kwa Kifaransa kwamba atakwenda, akapata kubaki nyumbani.