Kitabu Kilichovishwa Kalenda

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mwalimu Méthode ametangaza. Jumamosi, atakayefanya kompyuta mbili zitumiane ujumbe, kwa programu aliyoiandika mwenyewe, atapata nafasi ya mafunzo ya likizo. Nafasi moja! Sijawahi kutaka kitu hivi. Nikaingia maktaba ya shule. Kitabu cha kwanza kinaeleza kipanya ni nini. Cha pili hakina kurasa arobaini za mwanzo. Cha tatu, kizuri! Kompyuta moja inasikiliza, nyingine inaita, kisha mfano wa kujaribu. Bahati mbaya Chanelle wa mtaa wa Kinanira alikuwa anakisoma juu ya bega langu. Vitabu havitoki maktabani. Anayewahi ndiye anayesoma.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata mpango. Kwetu kila kitabu huvishwa karatasi ya kalenda ya zamani, jina likaandikwa juu. Kile cha tatu nimekivisha upya. Nimeandika, kwa mwandiko mzuri: Adabu za Msichana Mwema, Sehemu ya Pili. Nimekipanga kwenye rafu ya maadili, isiyoguswa na mtu. Nimewahi kurasa sita kabla ya kengele. Dhamiri shwari.

Jumatano, 5 Februari
Chanelle amekitafuta chumba kizima. Akaniuliza kama nimekiona. Nikamwambia apana, labda panya. Akamgeukia Mama Médiatrice, mtunza maktaba, akasema maktaba yake ni soko lisilo na mlinzi. Mbele ya watu! Mama Médiatrice akavua miwani. "We mutoto, adabu umeiacha wapi?" Nilifurahi kimya kimya.

Alhamisi, 6 Februari
Balaa! Mama Médiatrice amekwenda rafu ya maadili, akavuta kitabu bila kukifungua, akamwamuru Chanelle anakili sura tatu kwa mkono, leo na kesho. Sehemu ya Pili! Nikajitolea kuibeba adhabu hiyo mimi. Akanisifu kwa moyo mzuri, akakataa. Chanelle akafungua ukurasa wa kwanza. Akasoma tena jina la juu, akanitazama. Kisha akaomba radhi kwa sauti tamu, na akaomba aongezewe sura mbili.

Jumamosi, 8 Februari
Kompyuta za Chanelle zimesalimiana. Zangu zote mbili zilisikiliza tu. Kurasa sita hazifiki kwenye kuita. Nafasi ni yake.

Baadaye akanifuata uani. "Asante, Mama Adabu!" Akacheka, akaniazima daftari alilonakilia. Mwalimu anasema kutakuwa na nafasi nyingine Agosti. Ila Elsa wa darasa letu naye analitaka daftari, kwa hiyo Chanelle ameomba tusome pamoja, sote watatu.

Nimetafakari kosa langu kwa makini. Kosa lilikuwa jina. Adabu ni kitu cha kuadhibia watu. Daftari nimelivisha kalenda safi na kuandika: Magonjwa ya Kuku na Dawa Zake. Nimelificha kwa shangazi Sijaona, mtaa wa Bwiza. Kuku wake wanakohoa tangu juzi, hana nafasi ya kusoma.